Vyeti vya Nasemba

Nasemba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyetegemewa na karakana nzima ya Bwana Mahfudhi. Kiwanda kimoja cha meli huko Mwanza kilipomwita kazini, tajiri huyo alivifungia kabatini vyeti vya ufundi vya Nasemba, asiweze kuondoka.

"Utavipata siku utakaponiachia mtu anayechomelea kama wewe," alisema, akijua mtu huyo hayupo.

Kesho yake Nasemba alimwambia, "Bosi, mafundi wanasema mikono yako ni ya kushika kalamu tu. Hebu waaibishe kidogo."

Mahfudhi akavaa miwani ya kuchomelea. Wiki ya kwanza aliunguza suruali mbili. Kufikia mwezi wa sita alikuwa akiimba huku cheche zikiruka. Nasemba alimsahihisha kwa sauti ya chini na kumsifu kwa sauti ya juu.

Siku moja tangi lililoundwa karakanani kwa ajili ya kiwanda cha sukari lilijazwa maji mbele ya mkaguzi. Halikuvuja hata tone.

"Hii ni kazi ya Nasemba," mkaguzi alisema. "Naijua."

"Ni yangu," Mahfudhi alijibu, kifua mbele. "Nimechomelea mshono wa kwanza hadi wa mwisho."

"Basi mtu nimekuachia, bosi," Nasemba alisema kwa upole.

Mkaguzi, aliyekuwa amesikia habari za vyeti, ndiye aliyeanza kucheka, kisha mafundi wote, na mwisho Mahfudhi mwenyewe, akipapasa mifuko kutafuta ufunguo wa kabati.