Safu ya Nyuma, Karibu na Viatu

Ndugu zangu, nyie mlioketi kule nyuma karibu na viatu, leo sitawaambia msogee mbele. Kaeni hapo hapo mnisikilize, na hawa wa mbele wanisikilize zaidi.

Alikuwapo mwoka mikate mmoja. Kutwa yuko mbele ya tanuri, jasho linamtiririka, na maji anakunywa kikombe kimoja tu, maana akiondoka mikate inaungua. Lakini adhana ikilia, bwana huyu ni safu ya kwanza, nyuma ya imamu. Miaka kumi na mbili.

Siku moja wakamwona safu ya tatu. Wiki iliyofuata, safu ya mwisho, mlangoni. Anaanza kuswali, anakatisha, anatoka mbio kwenda kutawadha upya. Anarudi, anatoka tena. Akisujudu, anashika ubavu. Watu wakatazamana, na mnajua wenyewe watu wakitazamana msikitini wanasema nini.

Mjumbe wa kamati, rafiki yake wa siku nyingi, akamfuata nje.

"Bwana wee, vipi? Siku hizi swala imekushinda?"

"Mgongo tu, shekhe. Upande huu, chini ya mbavu. Maumivu yanashuka mpaka kwenye kinena, kisha yanaacha."

"Migongo tunaumwa sote. Muogope Mungu."

Mwoka mikate akavaa viatu, akaenda zake. Kulikuwa na jambo la pili, akaona haya kulisema: kwamba mkojo unambana kila saa, unatoka matone matone kwa kuunguza, na asubuhi ile ulikuwa mwekundu. Damu ni najisi, akajiambia, naingiaje nayo msikitini? Akaacha kuja kabisa. Nasi, samahani, nao, wakasema imani imemwisha.

Nyumbani alikuwa anagaagaa sakafuni, hapati mkao, anatapika. Homa ikampanda, na kutetemeka juu yake. Mkewe ndiye aliyemfikisha hospitali. Daktari akakuta jiwe limeziba njia ya mkojo, na figo moja imejaa usaha. Ikabidi itolewe.

"Dalili hizi ni za miezi," daktari akamwambia. "Ungekuja mapema tungeliondoa jiwe, ukarudi kwako na figo zote mbili. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuona?"

"Waliniona wote, daktari. Hata swala nilizokosa walizihesabu."

Ndugu zangu, neno hilo linanitia aibu kila nikilikumbuka. Macho si tulikuwa nayo? Ubavu si aliushika mbele yetu? Tuliona kila kitu, tukakimbilia kumhukumu, na neno "unaumwa wapi?" likatushinda kutamka. Na wewe unayejificha, ukiona mkojo mwekundu, ukipata maumivu ya ubavuni yanayokuja na kuondoka, nani kakwambia Mungu anamfukuza mgonjwa? Nenda hospitali leo. Homa ikiingia, usingoje hata kesho.

Yule mjumbe wa kamati bado yupo safu ya kwanza. Ni mimi, ndugu zangu. Kabla hatujainua mikono kuomba dua, geukeni, mtazame nani yuko kule karibu na viatu, na nani hayupo. Nendeni mkamuulize. Mimi nitawasubiri.