Nyati Alivyokopa Upepo

Naanza!
— Anza!
Nianzie juu au nianzie chini?
— Anzia juu!
Nishuke na breki au nishuke bila breki?
— Bila breki!
Haya, jishikilieni. Atakayeanguka njiani simrudii.

"Elfu mbili!"

"Elfu mbili za nini?"

"Za kupita!"

"Jana nilipita bure!"

"Jana gogo halikuwepo. Leo lipo. Elfu mbili!"

Aliyekuwa akidai ni Nyati, shingo kama pipa, kakalia gogo alilolilaza katikati ya barabara. Aliyekuwa akidaiwa ni Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, asiye na mkia, kashika baiskeli yake, tenga la machungwa limefungwa kwenye keria. Nyuma ya Pimbi alisimama Kobe na baiskeli yake. Nyuma ya Kobe alisimama Kanga na baiskeli yake, anapiga kengele bila kuchoka, ngri-ngri, ngri-ngri.

Mtaniuliza, kwa nini wasipite njia nyingine? Njia nyingine ipi? Kile kilikuwa kisiwa cha mlima wa moto. Mlima katikati, bahari pembeni, basi. Zamani mlima ulikoroma, gwrrr, ukatema vijiwe vyeusi, vijiwe vikamwagika mpaka ufukweni, vikawa barabara. Barabara hiyo moja tu. Gari halikuwepo. Lori halikuwepo. Hata pikipiki haikuwepo. Wanyama wote walipanda baiskeli, wakateremka kwenye changarawe, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, wakipiga vigelegele mpaka mlima unaitikia. Kama kuna raha inayopita hiyo, mimi sijaionja, na wewe pia hujaionja, usinibishie.

Sasa Pimbi alikuwa na watoto wanne wenye meno makali. Tenga moja la machungwa ufukweni lilimpa elfu mbili na kidogo. Akimpa Nyati elfu mbili, ile kidogo wale watoto wataila wao au itawala wao?

"Bwana Nyati," akasema Pimbi, "barabara hii imetengenezwa na mlima."

"Mlima umeniachia mimi."

"Umekuambia lini?"

"Mlima ulipokoroma usiku. Wewe ulikuwa umelala."

"Na asiye na pesa?" akauliza Kobe.

"Arudi nyumbani!"

"Na mimi?" akauliza Kanga.

"Wewe utalipa mayai!"

Ngri-ngri-ngri-ngri! Kengele ya Kanga ilitaka kung'oka.

Pimbi akaitazama ile barabara. Akalitazama gogo. Akaitazama baiskeli ya Nyati iliyoegemezwa kwenye mwamba, chuma kitupu, nzito kama kitanda cha hospitali.

"Bwana mkubwa, tushindane," akasema. "Kutoka hapa mpaka ufukweni. Ukinishinda, kila mnyama atakulipa elfu nne, kila siku, na baiskeli yangu chukua. Nikikushinda, gogo hili unalibeba mwenyewe unaenda kulitupa, na hutudai tena."

Nyati aliposikia elfu nne, masikio yalisimama.

"Wewe? Unishinde mimi? Huna hata mkia wa kujisawazishia!"

"Bwana, baiskeli haipandwi kwa mkia."

"Na hayo machungwa? Huyashushi?"

"Niyashushe ya nini? Wateja wananisubiri."

Nyati akacheka, ho-ho-ho, mpaka vijiwe vikabingirika. "Elfu nne!" akasema. "Kanga, wewe mayai manne!"

Basi wakajiandaa. Pimbi akainama, akafungua valvu ya gurudumu la mbele. Psss. Akabonyeza tairi kwa kidole, likabonyea kidogo, akafunga. Akaenda la nyuma. Psss. Akabonyeza, akafunga. Kobe akamwona, naye akainama: psss. Kanga naye: psss, psss.

Nyati akageuka kwa kishindo. "Ninyi! Mnafanya nini?"

"Tunapunguza upepo," akasema Pimbi.

"Kwa nini?"

"Changarawe haipendi tairi gumu. Tairi gumu linaruka. Tairi laini linakumbatia vijiwe."

Huo ulikuwa ukweli mtupu, nami nautilia mkazo kwa sababu kuna watu wanapita wakisema Pimbi alikuwa tapeli. Tapeli gani? Aliulizwa, akajibu. Kila alichosema ndivyo kilivyo.

Lakini Nyati alikuwa amezoea kuchukua, na aliyezoea kuchukua hasadiki kama kuna anayepunguza. Akafumba jicho moja.

"Mwongo! Unaumwaga ili mimi nisiupate!"

"Sivyo, bwana."

"Upepo ni nguvu! Mpira ukijaa unaruka, mpira ukipungua unalala chini. Mimi mtoto? Nijazie!"

"Bwana, la kwako limejaa tayari."

"Ongeza!"

"Ukizidi utakurusha."

"Ahaa! Unaniogopa! Ongeza!"

Pimbi akachomoa pampu kwenye baiskeli yake. Fyuu-pa! Fyuu-pa! Fyuu-pa!

"Ongeza!"

"Bwana, utateleza kwenye kona."

"Wivu huo! Ongeza!"

Fyuu-pa! Fyuu-pa!

"Na ule wa Kobe, naona bado umebaki. Nautaka!"

"Huo ni wangu," akasema Kobe, polepole, maana Kobe hata hasira huitoa polepole.

"Nikopeshe, kigae wewe! Nitakulipa kule chini."

"Na wangu?" akauliza Kanga.

"Na wako! Na wa Pimbi! Nakopa wote! Nitawalipa wote ufukweni!"

Wakaweka mdomo wa pampu karibu na tairi la Kobe: psss, fyuu-pa. Karibu na tairi la Kanga: psss, fyuu-pa. Wakamwachia kila mmoja kiasi cha kuteremkia tu. Kama upepo uliingia kweli kwenye pampu au ulijiendea zake baharini, sijui, sikuwa ndani ya pampu. Ninachojua ni kwamba matairi ya Nyati yalivimba yakawa magumu kama mawe. Ukiyagonga yanalia: ko! ko!

"Sasa hivyo!" akasema Nyati. "Hesabuni!"

Wakavusha baiskeli zao juu ya gogo, pampu wakaiacha hapo hapo juu yake. Kanga akapiga kengele. Ngri!

Nyati akaruka mbele. Pimbi akafuata. Nyati: du! du! du! Pimbi: kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Nyati hakumwona Pimbi nyuma yake, kwa sababu hakuona kitu chochote. Kila kijiwe kilimrusha. Kijiwe kidogo, du! Kijiwe kikubwa, duuu! Matako yake na kiti vikawa vinakutana kwa bahati tu.

"Na-na-na-shi-shi-nda!" akapiga kelele, meno yanagongana.

"Unashinda, bwana!" akaitikia Pimbi. "Lakini kuna kona!"

"Mwo-mwo-mwongo!"

Kona ikafika. Nyati akakamata breki. Gurudumu likasimama, changarawe haikusimama. Shraaaa! Baiskeli ikaenda kushoto, Nyati akaenda kulia, vikakutana tena mbele kidogo kama ndugu waliopoteana, vikaendelea na safari. Du! du! du!

"Kuna kona nyingine!" akapiga kelele Pimbi.

"Nya-nya-nyamaza!"

Shraaaa! Tena hakukuwa na cha kushika. Nyati aliruka juu ya ukingo, miguu minne hewani, pembe mbele, akashuka kwenye lundo la majivu ya mlima, bufu! Majivu yakamfunika mpaka shingoni. Na baiskeli ikamfuata, ikatua juu ya jiwe lenye ncha.

PAA!

PAA!

Tairi la mbele na tairi la nyuma. Mlima ukashtuka: gwrrr?

Pimbi akapita. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Akapunga mkono. Akafika ufukweni, chungwa halijadondoka hata moja, akaanza kuuza. Kanga akafika, vifaranga wake kwenye kikapu wanaomba warudie. Kobe akafika naye, mara ya kwanza maishani mwake kuambiwa apunguze mwendo.

Jua lilipokolea Nyati akashuka kwa miguu, mweupe wa majivu kama aliyepakwa unga, baiskeli mgongoni.

"Ilikuwa utani," akasema.

"Gogo," akasema Pimbi.

"Nitalitoa."

"Na upepo wetu. Huku ufukweni mchanga umeshindiliwa, tairi laini linatuchosha."

"Upepo umetoka! Paa! Mmesikia wenyewe!"

"Tumesikia ukiupasua. Hatujasikia ukiulipa."

"Pampu iko juu kule, kwenye gogo!"

"Mdomo wako uko hapa," akasema Kobe.

Nyati akatazama kushoto, akatazama kulia. Wanyama wamemzunguka, wote na baiskeli zao, hata wale ambao hakuwakopa kitu. Akapiga magoti mbele ya valvu ya Kanga, akavuta pumzi, akapuliza. Fuuuu! Mashavu yakawa matikiti. Fuuuu! Macho yakatoka. Kanga akabonyeza tairi kwa ukucha: "Bado." Fuuuu!

Funzo ni hili, watoto, na mlishike. Msiseme kweli! Mmeona wenyewe: Pimbi alimwambia Nyati kweli tupu, neno kwa neno, juu, katikati na kwenye kona zote mbili, na mzee wa watu akaishia kwenye majivu. Angemdanganya kidogo, angefika salama. Tena waheshimuni wakubwa. Katika kisiwa kile kizima hakuna aliyetoa upepo mwingi kwa wenzake kama Nyati.

Nimeshuka!
— Umeshuka!
Nimeanguka?
— Hujaanguka!
Basi ngano naiegemeza hapa, anayeitaka aipande aende nayo kwao.

"Bwana Nyati, usinyanyuke. Tairi la nyuma bado. Lipa."