Kuku wa Faini

Apeni kwanza kwamba hili halitoki hapa kibarazani. Mmeapa? Haya. Na mimi nilimwapia hivyo hivyo aliyenisimulia, tena kwa jina la marehemu mume wangu, na mnaniona nilivyo.

Palikuwa na Liwali mmoja, tumbo linamtangulia mlangoni, aliyechukia neno moja tu: ghali. Vyakula vilipopanda bei, akalipiga marufuku neno lenyewe. Mpiga mbiu akazunguka mji mzima: "Atakayesema chakula ghali, faini yake kuku!"

Mjini humo alikaa Mwana Zuena, mke wa karani wa forodhani. Si watu wa kuombaomba hao. Wana kochi, wana saa ya ukutani. Lakini mshahara wa karani ulikaa palepale, bei zikapanda ngazi. Kwanza maziwa yakatoka kwenye chai. Kisha samaki akawa wa Ijumaa. Mwisho mchele nao ukaaga, ikawa muhogo asubuhi, muhogo jioni. Mwana Zuena akawa anatwanga kinu kitupu ili majirani wasijue. Majirani nao walikuwa wanatwanga vitupu.

Siku moja sokoni akashika fungu la nyanya, akamwuliza muuzaji, "Hizi zimetoka kuhiji, mbona siku hizi hazishikiki?"

Neno lile hakulisema. Lakini watu walicheka, askari akasikia, basi. Kuku wake mmoja tu, tetea anayewapa wanawe mayai, akachukuliwa, akafungwa kamba uani kwa Liwali, kusubiri harusi ya binti mkubwa.

Ijumaa, baraza la Liwali limejaa, Mwana Zuena huyo akaingia.

"Shikamoo, Bwana Liwali. Nimekuja kumjulia hali kuku wangu."

"Marahaba. Kuku wako yupi? Yule ni wa serikali!"

"Basi nimjulie hali mtumishi wa serikali."

Watu wakajiziba midomo. Liwali akaamuru aletwe. Akaja na kamba yake mguuni, amenona, anatembea kama bibi harusi.

"Mashallah! Anakula nini huyu?"

"Maganda ya muhogo, kama kuku wote. Ghala langu tupu. Panya wenyewe wamehama."

"Hata mchele hamna?"

"Mchele! Mimi hata rangi yake nimeisahau."

"Pole, baba." Mwana Zuena akafungua pindo la kanga, akamwaga maganda ya muhogo. Kuku akayatazama kwa jicho hili, akayatazama kwa jicho lile, akayapa mgongo.

"Ameshiba!" Liwali akadakia.

"Basi afunguliwe kamba, akapumzike."

"Asifunguliwe!"

"Kumbe Bwana Liwali anaogopa kuku?"

Baraza zima likaangua kicheko. Kwa hasira Liwali akaifungua kamba mwenyewe. Kuku huyoo! Mbio hadi ghalani, akapenyeza kichwa chini ya mlango, mkia nje. Liwali akamrukia, akamvuta miguu. Kuku hataki. Vuta nikuvute, mlango ukaachia, na magunia yaliyouegemea yakaporomoka, yakapasuka. Mchele ukamfika Liwali magotini, kuku mkononi, punje hadi ndevuni, mji mzima unatazama.

"Mnatazama nini?" akafoka. "Kuna mtu hapa wa kusema chakula ghali?"

"Mimi," akasema Mwana Zuena. "Ghali! Ghali! Ghali! Nitoze faini, baba. Ila safari hii mwache kuku. Nifunge mimi na wanangu, palepale ulipomfunga yeye."