Ukimya wa Ndizi

Ukimya wa ndizi haupandi mlima. Leo mmemsikia fundi akimwambia hivyo mteja wake pale gereji, mkacheka, na sasa mnataka kujua ndizi na gari vimekutana wapi. Asili yake naijua kuliko huyo fundi, maana gari lilikuwa la babu yenu Ambakisye, na aliyeyatamka maneno hayo mara ya kwanza ni mimi.

Tulikuwa vijana bado, tunaishi Kyela. Mtoto wetu wa kwanza, Subilaga, alifariki kabla hajaanza kutembea. Nililia sana. Babu yenu hakuwa mtu mbaya, ila kilio changu kilimtisha. Nikilia asubuhi, jioni analeta doti ya kanga. Nikilia tena, analeta redio. Akawakataza hata majirani wasiniite Mama Subilaga, eti nisikumbuke, kana kwamba nilikuwa nimesahau. Mwishowe nikafunga mizigo nikapanda kwetu Tukuyu, nina sanduku zima la kanga na hamu ya kuitwa jina langu.

Baada ya mavuno ya mpunga akanunua pikapu kuukuu ili anifuate. Mbele lilipendeza, lakini nyuma lilivuma, na kila lilipoegeshwa liliacha doa la oili karibu na gurudumu. Fundi Lwitiko akaliinua kwa jeki, akazungusha magurudumu kwa mkono, akaweka kiganja kwenye ekseli na kusikiliza.

"Beringi za difu zimekwisha, na sili ya kuzuia oili kwenye gurudumu imepasuka," akasema. Difu ndilo lile bakuli la meno ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalozungusha magurudumu. "Subiri niagize spea Mbeya."

Mwenye hamu hasubiri. Tena hakutaka wakwe wamsikie akipanda kwao na gari linalolia. Rafiki yake mmoja wa stendi akamfundisha ujanja wa wauza magari: fungua difu, shindilia ndizi mbivu. Kweli, sauti ikazimika. Babu yenu akaondoka akiimba njia nzima.

Kwenye tambarare gari lilikwenda kimya. Mlima ulipokaza, difu likachemka, ndizi zikawa uji, meno yakasagana, gari likakwama chini kidogo ya kwetu. Akaona aibu kufika ukweni kwa miguu, akalala humo humo. Kesho yake Lwitiko alipopanda na basi kuja kulifungua, habari zilikuwa zimekwisha kunifikia. Nikateremka, sijui kwa hasira au kwa hamu. Vyote vilikuwepo.

Lwitiko alifungua difu, ukamwagika uji mweusi unaonuka kuungua.

"Mwaisaka, nani kapika humu?" akamwuliza babu yenu, akimwita kwa jina la ukoo.

"Ndizi," babu yenu akakiri.

"Difu lilikuwa linakuonyesha linapoumia," Lwitiko akasema. "Wewe umeliziba mdomo."

"Hata mimi alinifanya hivyo hivyo," nikasema. "Mimi aliniziba kwa kanga." Wote wawili wakanigeukia. "Ukimya wa ndizi haupandi mlima, mume wangu."

Akautazama ule uji barabarani. Kisha akaniuliza taratibu, "Unakumbuka alivyokuwa akicheka, Mama Subilaga?"

Nikaketi palepale kando ya barabara nikalia, naye akaketi akalia nami, hakuniletea kitu. Lwitiko, mtu wa adabu, alirudi chini ya gari akajifanya anatafuta spana. Spea zilipofika na difu likatengenezwa, nilishuka na mume wangu Kyela.

Sasa babu yenu hayupo, na nina hamu naye, siwafichi. Mama yenu akinikuta nafuta macho ananiletea sweta. Ninyi mnakimbilia kuniwashia televisheni. Ahsanteni, wajukuu zangu, najua mnanipenda. Lakini siku nyingine kaeni hapa, mniulize alikuwa akiimba wimbo gani njiani. Ukimya wa ndizi haupandi mlima.