Bibi Chuma na Pacha Wake Asiye na Mwili

Hapo zamani, wala si zile za fisi kuoa, ni hizi za juzijuzi ambapo kila mtu ana simu na hakuna mwenye salio, palikuwa na redio ndogo kule Makete, kwenye baridi ya kumfanya mtu aongee na blanketi kwa heshima. Iliitwa Redio Ukungu. Katika chumba cha nyuma cha redio hiyo aliishi seva mmoja, kompyuta mama ya redio, mnene, mzito, aliyestahili kustaafu tangu enzi na enzi. Walimwita Bibi Chuma.

Bibi Chuma alibeba kila kitu tumboni: nyimbo, matangazo ya misiba, ya harusi, ya ng'ombe waliopotea. Alivuma kama mashine ya kusaga, na mgongoni alitoa joto, joto tamu. Hapo ndipo mtangazaji wa asubuhi, Tulizo Sanga, alipoegesha miguu kabla ya kipindi. Paka wa redio naye alilala hapohapo. Walikuwa familia.

Lakini Tulizo alikuwa na lake jingine. Kila asubuhi alifungua kipindi kwa wimbo wa kuvuna pareto, ulioimbwa na mama yake mzazi. Mama alishafariki. Wimbo ulirekodiwa mara moja tu maishani, na kopi yake pekee ilikuwa mle ndani ya Bibi Chuma.

Basi Bibi Chuma akaanza kukohoa. Anazima katikati ya taarifa, anawaka mwenyewe, anatoa harufu ya ugali ulioungua. Meneja, Mama Luvanda, akawaita wafanyakazi wake.

"Huyu bibi anaondoka," akasema. "Atakayeokoa yaliyomo humu, salamu za kwanza za kila asubuhi ni zake mwaka mzima. Ataanza yeye, ndipo wafuate wakubwa wa wilaya."

Msicheke. Makete, anayesalimiwa wa kwanza redioni hata akiingia dukani anavutiwa kigoda.

Fundi kompyuta, Obadia Tweve, akakohoa kidogo, kikohozi cha msomi. "Mama, dawa ipo. Tunamgeuza awe mashine pepe. Tunachukua kila kilichomo ndani yake, akili, kumbukumbu, tabia, hata ubishi, tunahamishia kwenye ile seva mpya tuliyoletewa. Mle ndani wanaweza kuishi mashine wengi kama wapangaji, na kila mmoja anadhani nyumba ni yake peke yake."

"Na mwili wake?" Tulizo akauliza.

"Mwili wa nini, dada? Ataishi bila mwili."

"Kwetu anayeishi bila mwili anaitwa mzimu, na mzimu hauhamishwi na fundi kompyuta."

"Nihamishie tu," akasema Mama Luvanda.

Kazi ikaanza mchana. Bibi Chuma akawa anamwagwa polepole upande wa pili, na Obadia kakodoa macho kama anayechungulia maziwa yasifurike. Kumbe mawingu nayo yalikuwa yanakuja kutazama. Mvua ya mawe ikashuka, umeme ukakatika.

Hapo ndipo alipoingia Ezekia Chaula, dereva wa redio na mlezi wa jenereta. Jenereta lile lilikaa nje, na banda lake lilikuwa limebakiza nguzo na matumaini. Ezekia akaliwasha, akalifunika kwa koti lake, akasimama juu yake na sinia la pilau kichwani, mawe yanagonga sinia, kwa! kwa! kwa!, naye anaimba kwaya ili asiogope.

"Ezekia, usiliache lizime," Obadia akapaza sauti dirishani.

"Wewe hamisha bibi yako, mimi nanyonyesha huku."

Akanyonyesha kweli. Ila mtu ni mtu. Baridi ilipomwingia kwenye mbavu, akakimbilia jikoni kuchukua kikombe cha chai. Jenereta likakwama, likapiga kwikwi, likaendelea. Betri ya akiba ikachelewa kufumba na kufumbua, ikadaka, Obadia hakuona kitu, na kopi ikamalizika jioni. Akajaribu wimbo mmoja, ukacheza. Akajaribu tangazo, likasikika. Akamzima Bibi Chuma, akapiga makofi, akaenda nyumbani. Nyaya zote aliziacha zimechomekwa kama zilivyokuwa.

Asubuhi Tulizo akaingia chumba cha nyuma. Kimya. Baridi. Seva mpya haitoi joto hata la kupashia ukucha. Akaegesha miguu kwa Bibi Chuma, ikawa kama kaegesha kwenye kaburi. Paka akamtazama kwa jicho la mjumbe aliyeitisha kikao watu wasije.

"Dakika chache tu," Tulizo akamwambia paka, akabonyeza swichi. Bibi Chuma akavuma. Joto likaja. Tulizo akafanya hivyo kila asubuhi, dakika zikawa saa, wala hakumwambia mtu.

Sasa sikilizeni. Bibi Chuma na pacha wake, yule wa kwenye seva mpya, walikuwa na jina moja, anwani moja, kila kitu kimoja. Studio ikiita, "Lete tangazo," wote wawili wanaitika. Anayewahi ndiye anayejibu, na Bibi Chuma alikuwa na matangazo ya zamani. Harusi iliyokwishafungwa ikatangazwa upya, watu wakatokea na masufuria, bwana harusi akawafungulia mlango akiwa na mswaki mdomoni. Ng'ombe wa mzee Mahenge, aliyepatikana zamani, akatangazwa kuwa kapotea. Mzee akaenda zizini, akamkuta, akampa pole.

Na wimbo wa mama? Asubuhi nyingine ulicheza mzima. Asubuhi nyingine ulifika kwenye ubeti wa kikapu, kimya. Tulizo alimalizia mwenyewe kwa mdomo. Wasikilizaji wakapiga simu kuomba redio iwahurumie. Yeye alitabasamu hewani, akatangaza wimbo unaofuata.

Siku Obadia alipoingia chumba cha nyuma akakuta mtangazaji, paka na seva anayevuma, akashika kichwa. "Dada Tulizo, umefufua maiti? Wawili hawa wanagombania jina moja. Ndiyo maana redio imerukwa na akili." Akaushika waya ang'oe.

"Ngoja." Tulizo akamdaka mkono. "Wimbo unakatika siku moja, siku nyingine haukatiki. Ukikatika, nani kajibu?"

Obadia akauachia waya. Akafungua pacha: wimbo umekatika palepale jenereta lilipopiga kwikwi. Akafungua Bibi Chuma: wimbo mzima, mpaka pumzi ya mwisho ya mama.

Akauhamisha mbio. Mstari wa kijani ukatambaa, Bibi Chuma akatetemeka, Tulizo akamshika mgongo kama anayemsaidia kujifungua. Wimbo ukafika upande wa pili. Bibi Chuma akatoa moshi mwembamba, akazima, hakuwaka tena.

Wakauchezesha. Mama akaimba kikapu, akaimba maua, akaimba mpaka mwisho. Tulizo akalia na kucheka kwa pamoja, Ezekia akacheza na sinia lake, hata Obadia akatikisa bega moja.

Furaha ilidumu mpaka Mama Luvanda alipouliza jina la kutangaza.

"Ni mimi," akasema Obadia. "Bila mimi, mngebaki na sanduku la chuma. Nani mwingine angemhamisha?"

"Na nyaya ulimwachia nani, shemeji?" akajibu Ezekia. "Ni mimi. Bila mimi, ungehamisha giza. Nimepigwa na mawe kwa ajili ya redio hii."

"Ukaenda kunywa chai, wimbo wa mama yangu ukakatika," akasema Tulizo. "Ni mimi. Bila mimi, Bibi Chuma angebaki amezimwa tukamzika na wimbo, na hakuna ambaye angejua kuwa ndani yake bado ulikuwa mzima."

"Ulikuwa unaota moto," Obadia akasema.

"Nilikuwa naota moto. Na wewe ulikuwa wapi?"

Mama Luvanda amekaa mbele ya kipaza sauti. Taa nyekundu imewaka, Makete nzima imetega sikio. Ameshasema, "Kamwene, wasikilizaji, salamu za kwanza za leo zimwendee..." na hapo anawatazama wote watatu.

Haya, jamani, taa inawaka. Fundi aliyehamisha akaacha nyaya? Dereva aliyelinda jenereta akakimbilia chai? Au mtangazaji aliyevuruga redio nzima kwa ajili ya miguu yake? Je, nani alistahili?