Mlio wa Kifuniko

Sogeeni mbele, wanangu. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia ukae, mabenchi haya hayana jina la mtu. Neno langu leo ni dogo, na halianzii madhabahuni. Linaanzia jikoni.

Palikuwa na mama mmoja, tumwite Mama Elineema, mtu wa kanisa hasa. Jumapili asubuhi ukimtaka usihangaike kwenda kwake, yuko kanisani anapanga maua. Huko kwao milimani walikuwa wamejenga kanisa jipya, na ukuta wa mbele ulikuwa bado mweupe, mtupu. Mchungaji akawaambia washarika, "Tuchague maneno ya kutuongoza, tuyaandike pale, kila anayeingia ajue sisi ni watu wa namna gani." Mmoja akasema Upendo. Mwingine akasema Kweli. Mama Elineema naye akasimama, akakaza kitenge kiunoni, akasema, "Andikeni Ukarimu! Mtu asipite kwetu na njaa." Kanisa likapiga makofi, na vigelegele juu yake. Fundi wa rangi akaambiwa neno hilo alikuze kuliko mengine.

Haya, sasa twendeni nyumbani kwake.

Alikuwa na jirani, mjane mmoja mzee, Bibi Nakundwa. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, akimwona mtu anaona kivuli tu. Kinjia chake cha kurudi nyumbani kilipita nyuma ya jiko la Mama Elineema, kando ya migomba. Basi mchana, makande yameiva, harufu ya vitunguu imefika mpaka barabarani, utasikia fimbo ya bibi inagonga mawe. Ko. Ko. Ko.

Desturi yetu mnaijua. Mtu akikukuta unakula humwachi apite kimya. Na Mama Elineema hakumwacha. Alipaza sauti tamu kabisa: "Karibu chakula, bibi! Karibu sana!" Mdomo ukikaribisha hivyo, mkono nao ulikuwa na safari yake. Unachukua kifuniko, unakibwaga juu ya sufuria. Kwang!

"Asante, mwanangu," bibi anaitika kutoka njiani. "Kuleni tu. Mimi nimeshiba."

Na fimbo inaendelea. Ko. Ko.

Mnacheka? Mnacheka kwa sababu jiko hilo mnalijua.

Siku moja wifi yake alikuwa amekaa naye palepale, sahani mapajani. Fimbo ikapita, ile "Karibu chakula" ikatolewa, kifuniko kikalia. Wifi akamtazama.

"Wifi, na siku akiitikia je?"

"Nani, Bibi Nakundwa? Hathubutu. Yule kafundwa zamani. Hata umvute mkono atakwambia ameshiba."

"Kumbe unamkaribisha kwa sababu haji!"

"Ee, wewe! Kula unyamaze."

Wakacheka mpaka wifi akapaliwa na harage. Lakini kicheko kilipoisha, neno la wifi lilibaki na Mama Elineema. Akajitetea mwenyewe moyoni, hakuna aliyemshtaki: Si nimemkaribisha? Si amesema kwa kinywa chake ameshiba? Tena akila leo, kesho atazoea. Akafunua sufuria, akajiongezea.

Ikafika Jumapili ya kuweka wakfu ukuta ule. Kanisa limejaa, rangi bado inanukia. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Kwenye benchi la nyuma fimbo ikagonga sakafu. Bibi Nakundwa akasimama, akaongozwa hadi mbele.

"Bwana asifiwe, wapendwa."

"Amina!"

"Mchungaji, macho yangu hayafiki huko ukutani. Hilo neno kubwa mnalolisifu, ni neno gani?"

"Ni Ukarimu, bibi."

"Ahaa! Hilo silihitaji macho. Hilo nalisikia kila mchana kwa jirani yangu, Mama Elineema."

Mwanamke mwenzake akampiga Mama Elineema kiwiko cha furaha. Naye akarekebisha kilemba, akakaa wima.

"Tangu mzee wangu alale," bibi akasema, "nyumba yangu iko kimya. Siku nyingine jiko haliwaki. Lakini nikipita pale, huyu mtoto ananiita: Karibu chakula, bibi! Jamani, mtu mzima kuitwa! Nafika nyumbani nimenyooka. Ila kuna jambo linaniuma. Kila akinikaribisha nasikia kifuniko kinalia. Mtu hafuniki sufuria watu wakila, anafunika wakimaliza. Nikajua chakula kimekwisha, umebaki ukoko, ila kwa moyo wake mzuri hawezi kuniacha nipite kimya. Sasa nikisema ndiyo, atanipa nini, maskini? Si nitamwaibisha mbele ya watu wake? Ndiyo maana nasema nimeshiba. Mungu anisamehe, ulikuwa uongo. Sikuwa nimeshiba."

 Bibi akaanza kufungua fundo la kanga yake, vidole vinapapasa.

"Nimepata kunde kidogo shambani kwangu. Uko wapi, Mama Elineema, mwanangu? Njoo uchukue, uongezee sufuria. Haifai mtu mwenye moyo kama wako awe anaishiwa mapema kila siku."

Wifi, benchi la pili, aliinamisha kichwa akatazama vidole vya miguu yake. Ukimtoa Mama Elineema mwenyewe, katika kanisa zima ni yeye tu aliyejua, yeye na Mungu.

Mama Elineema akainuka. Watu walipiga makofi, na kila kofi lilimwangukia kama la usoni. Alitembea kuuelekea ukuta, na lile neno lake kubwa likimtazama, hata angetaka kulikwepa lisingemwacha. Akafika, akapiga magoti, akakinga mikono yote miwili. Kunde zikamwagika viganjani mwake, zina joto la mwili wa yule bibi, nyingine bado mbichi, maana mwenye njaa hakungoja zikauke. Akataka kusema asante.  Machozi ndiyo yaliyotoka.

Bibi akamsikia, akampapasa kichwani. "Usilie, mwanangu. Ni chache tu."

Wanangu, niambieni. Katika habari hii mkarimu alikuwa nani? Mwenye kushiba alifunika chakula. Mwenye njaa akafunika aibu ya mwenzake, akalala hajala kwa ajili hiyo. Ni nani kati ya hao wawili aliyestahili kuandikiwa ukuta?

Tusimnyooshee kidole Mama Elineema, sisi ni ndugu zake. Mgonjwa tunamwambia tutakuja kukuona, huku miguu tumeshaigeuza. Mgeni hapa kanisani tunamwambia karibu tena, na jina lake hatujamwuliza. Mfiwa tunamwambia tuko pamoja, tanga likianuliwa hatumjui. Vyote hivyo ni vifuniko, na vinalia. Tunadhani watu wanasikia karibu zetu tu. Wanasikia vyote viwili. Wananyamaza kwa heshima, wanatusitiri, na sisi tunaita heshima yao shibe.

Ukuta wetu huu una maneno mazuri, sisemi tuyafute. Ila wako wapitao kwetu wasioweza kuyasoma. Hao wanatujua kwa mlio wa jikoni.

Leo mkifika majumbani chakula kitaiva, na nje kuna mtu atapita. Mwite. Kifuniko kiache chini, mbali na mkono. Na akikwambia ameshiba, usiwe mwepesi wa kuamini. Mfuate na sahani.