Pembe ya Bi Tima

Mama mmoja wa Lamu, Bi Tima, alikuwa na pembe ya nyati na mtoto asiyetulia. Pembe ilikuwa ya vugo, ile ambayo wanawake huigonga kwa kijiti harusini. Alihamia nayo Londoni, akawa anaigonga jikoni akingoja wali uive. Mtoto, Shekue, alikula akitikisa goti. Jirani yao Mjamaika, Mzee Winstoni, alikuwa na spika kubwa kama kabati, na reggae yake ilipenya ukutani ikamwingia mtoto mifupani. Barabarani akaokota maneno ya mbio ya vijana wenzake. Akavichanganya vyote vitatu, akawa mwanarap. Msiniulize nimejuaje; Londoni jani halianguki bila mimi kuambiwa.

Jina likashika kama moto wa makuti. Redioni wakamwuliza nani alimfunza. Akasema hakuna, amejifunza mwenyewe, na goti likatikisika. Mzee Winstoni alisikia, akaizima spika yake. Bi Tima hakusikia. Alikuwa anashona gauni la kwenda kumtazama mwanawe akiimba.

Ukumbini hakuyaelewa maneno, yalikwenda mbio mno. Lakini chini ya maneno alilisikia pigo la vugo lake. Na kwao, wimbo ukikugusa hukai kitini: unainuka na noti mkononi, unacheza polepole mpaka kwa mwimbaji, unamtunza. Akainuka. Akapanda jukwaani. Walinzi wakamdaka, watu wakacheka wakidhani amelewa.

Mlinzi mmoja akamwuliza Shekue kama anamjua bibi huyu.

Shekue akautazama umati. Akavitazama viatu vyake vipya. Ngoma ikaendelea kulia peke yake.

Bi Tima akajinasua, akaiweka noti juu ya spika.

"Haya, baba. Nalitunza pigo. Lenyewe lanijua."

Akashuka.

Tangu hapo Shekue amebadili midundo, amebadili watayarishaji, amehama nyumba hata majirani hawamshiki sura. Albamu hii anaimba kwa sauti ya kubembeleza, ile anafoka. Lakini akiketi mezani vidole vyaanza kugonga sahani, vugo lilelile, mpaka anainuka hajala.

Nanyi mlioketi hapa mkijisifu kuwa hamkufunzwa na mtu, nami nikiwaongoza, siku aliyewatia pigo atakapowanyoshea mkono mbele za watu, mtamtazama yeye au mtatazama viatu?